Siku Nilipokaa Ukingoni mwa Barabara

Wazee wangu, shikamooni. Na wengine wote, nashukuru kuwaona mmekaa wima. Mimi kwenye benchi hilo la kliniki mlilokalia nimewahi kulala, kwa sababu kukaa kulinishinda. Nesi wetu amenisimamisha niseme, basi nitasema kama ilivyokuwa.

Nilianza na kikohozi. Mnajua vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi, kila mtu anakohoa, nami nikasema ni vumbi. Nafanya kazi Mtumba, kule mji wa serikali, masijala, na asubuhi moja nikiwa mezani nilikohoa, nikaona damu kwenye leso. Wenzangu waliiona pia. Nilipopimwa ikawa kifua kikuu.

Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa wenyewe ulikuwa na afadhali. Kuna shoga yangu tuliyekuwa tunakula naye mchana kila siku. Alipokuja kunitazama nyumbani, Ipagala, alisimama nje ya geti akanisalimia kutokea huko. Simlaumu, aliogopa. Lakini siku ile niliacha kutaka kupona.

Aliyenishika ni mama mkwe. Alitoka Chemba na mfuko wa unga wa uwele na mlenda mkavu, akafungua madirisha yote, akakaa kando ya kitanda changu. Kila asubuhi aliniwekea dawa mkononi na kungoja mpaka nimeze. Nikisema zinanichefua, ananiambia pole mwanangu, na mkono hauondoi.

Nikamaliza dozi. Vipimo vikatoka safi. Ila pumzi haikurudi yote. Ngazi za ofisini nilizipanda kwa kupumzika. Daktari akasema nitembee, na jirani yangu, mwalimu mstaafu, akawa ananipitia alfajiri. Tukaanza mpaka dukani, tukafika barabara kubwa, mwisho tukawa tunakimbia kidogo kidogo, yeye akipiga soga ili nisisikie kifua.

Ndipo zikatangazwa mbio za hapa mjini, na tukajiandikisha wote wawili. Siku yenyewe mwalimu goti likamvimba. Akaja kunisindikiza na fimbo, akaniambia nitangulie, atanikuta mwisho.

Wale wakimbiaji wenyewe, wa kulipwa, walisimama mbele kabisa. Wembamba, wametulia, hawasemi na mtu. Bunduki ilipolia waliondoka kama kundi la ndege linaloinuka shambani. Mimi nilikuwa bado natafuta pa kukanyaga.

Nilikwenda vizuri mpaka kwenye kamwinuko, na pale pumzi ikakata. Siyo kuchoka. Ilikata vilevile kama zile siku za kitandani, na hofu yote ikanirudia. Nikakaa ukingoni mwa barabara. Gari la kubeba walioshindwa likasimama, dereva akaniuliza kwa upole kama nipande. Nikamwambia anipe dakika, lakini moyoni nilishapanda.

Mbio zile watu huenda na kurudi kwa barabara hiyohiyo. Nikasikia pikipiki ya polisi, halafu watu waliosimama kando wakasogea wote kutazama. Wale wa kulipwa walikuwa wanarudi.

Ndugu zangu, nimewaona kwenye runinga miaka yote. Siyo kitu kilekile. Viatu vyao vilisikika kama manyunyu ya kwanza kwenye bati, vinagusa lami na kuiacha. Upepo wao ulinipiga usoni. Nilisahau kifua, nilisahau gari. Nikasema, Mungu, na hawa ni watu wa udongo huu huu?

Kisha akaja mwanamke wa kwanza, peke yake, kando yangu kabisa. Nikamwona uso. Umekunjamana, mate yamekauka mdomoni. Na pumzi yake nikaisikia: inakwaruza, inavutwa kwa nguvu, sauti ninayoijua mimi. Akapita, na mwendo haukupungua hata kidogo.

Nikasimama. Nikamwambia dereva asante, sipandi.

Nilifika wanapokunja mahema. Mwalimu alikuwepo, anaegemea fimbo, analia waziwazi. Na yule dada alikuwepo pia, amekaa majanini bila viatu, anasubiri zawadi zilizochelewa. Nikamwendea.

"Mwanangu, nilikuona ukipita pale kwenye kamwinuko. Na nyie pumzi inawakata?"

"Shikamoo, mama," akasema. "Inatukata. Pale uliponiona ilikuwa imenikata zamani."

"Sasa unafanyaje?"

Akafikiri kidogo. "Nachukua ndogo iliyopo, naenda nayo. Nyingine huwa naikuta mbele."

Hakujua anazungumza na mtu aliyetoka kwenye kifua kikuu. Nikakaa naye pale majanini.

Namshukuru mama mkwe, amerudi kwake kulima. Namshukuru mwalimu, na nesi huyu aliyenipigia simu kila nilipochelewa kuja. Yule binti sidhani kama ananikumbuka.

Nanyi mnaoanza dozi leo, najua mnavyovitazama vile vidonge na kuwaza miezi yote iliyobaki. Msiimeze dozi nzima kwa mawazo, hakuna kifua kinachoiweza. Ya kesho iacheni kesho. Maji yapo pale mlangoni, vikombe ni safi. Mezeni ya leo.