Ukuta wa Bi Mwanabaraka

"Bimdogo, ukuta wa watu unakuhusu nini?"

Swali hilo aliliuliza jirani yake, Tereza, mwaka 1961, hapa Butimba. Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bimdogo, fundi wa lipu ya maua, aliyefariki juma hili. Alikuwa mjane, mtu wa swala tano. Mwiko wa kupigia lipu alioachiwa na mumewe ndio uliomlisha.

Lipu ya Bimdogo ilikuwa ya kushika. Kabla haijakauka aliichora kwa vidole, maua yakainuka ukutani. Ndiyo maana Yahaya, mwenye nyumba za kupangisha, alimwita. Mama yake Yahaya, Bi Mwanabaraka, alikuwa haoni. Bimdogo akamtengenezea mstari wa maua kutoka kitandani hadi mlangoni, mama aufuate kwa mkono.

Lakini nyuma ya ukuta ule palikuwa na choo cha wapangaji. Kilikuwa kimejaa. Yahaya aliahidi kukihamisha. Hakukihamisha. Mvua za vuli zilipoanza, maua yakatoka jasho la njano. Nzi wakatambaa juu yake. Bimdogo aligusa, akanusa vidole, akakimbilia uani kutapika. Binti yake, Mwaija, anakumbuka: "Mama alinawa kwa majivu, akanawa tena."

Yahaya alimtaka apake lipu nyingine juu, maana wageni wa sherehe za Uhuru wangekuja kumsalimu mama.

"Mama haoni," alisema. "Harufu tutafukiza udi."

Maneno hayo yalimchefua Bimdogo kuliko ukuta wenyewe. Akakataa. Ndipo Tereza alipomuuliza lile swali, akihofia shoga yake atanyimwa kazi mji mzima.

Siku ya wageni Bimdogo alikwenda kwa Yahaya. Udi ulifuka, na chini ya udi kinyesi kilinuka vilevile. Bi Mwanabaraka akapapasa ukuta, mkono ukarudi umelowa. Yahaya akawahi kusema ni chokaa mbichi. Bibi akauliza fundi yuko wapi.

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chokaa hii, mwanangu?"

"Si chokaa, mama. Ni choo."

Mwaija na ndugu zako, poleni sana. Mungu amlaze mama yenu mahali safi. Nasi tulio hai tujiulize usiku wa leo: wazee wetu tumewalaza wapi?

Siku ile, baada ya jibu hilo, Bi Mwanabaraka alimwita mwanawe karibu. Akaufuta mkono wake kwenye kanzu mpya ya Yahaya, taratibu, kidole kimoja kimoja, wageni wakitazama. Kisha akachukua fimbo, akayafuata yale maua, ua kwa ua, hadi mlangoni. Akatoka.