Nilipima Kazi Yangu kwa Kazi Yangu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kupima mwendo wa mashine yangu kwa kipande kifupi kama kiganja, kisha kuamini kwamba mwendo mrefu nao uko sawa. Naanzia hapo makusudi. Mnanijua, nikiachwa nitazunguka mpaka chai ipoe.

Kuna wageni leo kwenye kikundi chetu cha mafundi, kwa hivyo wacha nieleze kidogo. Nina karakana ndogo hapa Majimbo. Ndani yake kuna mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, na niliijenga mwenyewe. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video na kwa kuharibu mbao. Ni meza ya chuma, na juu yake kuna kichwa chenye kisu kinachozunguka. Kichwa hicho huenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Kila mwelekeo una mota yake na skrubu yake ndefu, na kwenye kompyuta una namba yake. Namba hiyo ndiyo inayoiambia mota izunguke kiasi gani ili kichwa kisogee milimita moja. Namba ikiwa na kosa, mashine haipigi kelele. Inakukatia vizuri kabisa, ila kipimo ni cha uongo.

Sasa, skrubu zangu zilikuwa na ulegevu. Ukigeuza mwelekeo, mota ilizunguka kidogo kabla kichwa hakijaanza kusogea, kama usukani wa pikapu kuukuu. Mimi sikujua. Niliiamuru mashine iende mbele kisha irudi kwa upana wa kiganja, nikapima, nikaona imepungukiwa kidogo. Nikaongeza namba. Nikapima tena kwa kifaa changu cha kupimia chenye kioo cha tarakimu, ambacho hakifunguki zaidi ya kiganja, nikakuta sawasawa. Nilifurahi sana. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao haukuwepo na kuuacha uliokuwepo.

Wala msidhani nilikuwa mzembe. Nilipima kila asubuhi kabla ya kuanza kazi. Dada yangu alisema napima kama mtu anayehesabu kuku wake huku akimshuku jirani.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Mama mmoja wa Kiirua, mfugaji wa nyuki, aliniagiza mizinga ya kisasa kwa niaba ya kikundi chao cha akina mama. Alikuwa amepata habari zangu kwa mama yangu, wanafahamiana kwa mambo ya kanisa. Mizinga hii ni masanduku, na ndani yake fremu za mbao zinaning'inia kwa mpangilio. Nyuki ni wakali kuhusu nafasi. Pengo kati ya fremu na ukuta likiwa kubwa, wanajenga sega hapo. Likiwa dogo, wanaliziba kwa gundi yao. Na fremu zote lazima zilingane, kwa sababu mfugaji huhamisha fremu kutoka mzinga huu kwenda ule.

Nilikata mbao za mti wa mukima zilizokauka vizuri. Nikaunganisha sanduku la kwanza, nikatumbukiza fremu, zikakaa kama chanda na pete. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la simu. Baadhi yenu mlinisifu siku hiyo. Namwona fundi wa kuchomelea pale anainamisha kichwa, yeye ndiye aliyeandika kwamba sasa Embu tumefika. Sikulaumu, kaka. Hata mimi niliamini tumefika.

Angalieni nilichofanya. Sanduku nilikata kwa mashine yangu. Fremu nilikata kwa mashine hiyo hiyo. Kama mashine inarefusha, imerefusha vyote viwili kwa kiasi kile kile, na lazima vitaingiana. Nilikuwa nimepima kazi yangu kwa kazi yangu.

Mizinga ilikwenda Kiirua, nyuki wakaingia. Baada ya muda yule mama akanipigia. Akaniambia kwa upole kwamba fremu zangu hazitaki kuingia kwenye mizinga yake ya zamani, na zile za zamani akiziweka kwenye mizinga yangu, nyuki wanajenga sega pembeni hadi fremu hazivutiki. Akasema msimu wa kuvuna unakaribia. Wakifungua mizinga ikiwa hivyo, masega yatapasuka, asali imwagike, na kundi la nyuki linaweza kuhama. Akina mama walikuwa wameingoja asali hiyo tangu mwaka uliotangulia.

Nilimwambia nitaangalia kisha nimpigie. Sikumpigia.

Sijui kama kuna mtu hapa anajua hofu ya namna hiyo. Si hofu ya kupigwa wala ya kushtakiwa. Ni hofu ya kuonekana. Watu walinijua kama kijana wa vipimo, na bila vipimo sikujua mimi ni nani. Nilizima simu. Nilianza kubadilisha zile namba za mashine kila siku, wakati mwingine asubuhi na jioni. Napima, nabadilisha, napima, nabadilisha, na kila badiliko linanipeleka mbali zaidi. Hapa kikundini niliacha kuja, nikawadanganya kwamba nina kazi nyingi. Mwishowe nilizungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu kuhusu kuiuza ile meza. Alikuja akaigonga gonga kwa kidole, akaniambia itafaa kwa geti.

Nilipoona kuzima simu hakutoshi kunificha, nilienda nyumbani Kanja. Nilidhani nitapumzika. Mama alinikuta nikichuma chai bila kuambiwa, akajua kuna jambo. Aliendelea kuchuma mstari wake, hata hakunitazama.

"Mwenye mizinga amenipigia," akasema. "Hajakasirika. Anauliza kama uko hai."

"Mama, nikienda ataona kila kitu nilichoharibu."

"Si ndiyo sababu ya kwenda? Ama unataka akuitie fundi mwingine aje aone?"

Aliongeza kwamba kikapu changu kimejaa majani makubwa ya uzee ambayo kiwanda hakitapokea, kwa hivyo hata kwa chai simsaidii, ni afadhali niende.

Nilifika Kiirua nikiwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa hotuba. Yule mama hakunipa nafasi. Alinipa nguo ya kuzuia nyuki, ambayo ilikuwa fupi kwangu, akaniambia nishike bomba la moshi na niache kutetemeka kwa sababu nyuki wa huku hawana habari kama mtu ana wasiwasi, wanachojua ni kama anapiga piga mikono. Niliumwa mara moja kwenye kifundo cha mguu, mahali nguo iliishia. Alicheka, akasema sasa tumesalimiana.

Alifungua mzinga wangu. Pembeni mwa zile fremu zake za zamani kulikuwa na masega membamba meupe, mazuri kweli kweli, yaliyojaza pengo ambalo mimi niliwaachia. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alikuwa ananyoosha kidole tu, hili hapa, na hili, na huku pia.

Tukaenda stoo. Aliweka fremu yake na yangu juu ya gunia, moja kando ya nyingine, ncha zikilingana upande mmoja. Upande wa pili yangu ilipita. Akachukua fremu yangu nyingine. Ikapita vile vile. Nyingine tena, vile vile.

"Fundi," akasema, "wewe ukikosea, unakosea sawasawa."

Alisema kama utani. Lakini mimi nilikaa juu ya ndoo pale stoo na kichwa changu kikaanza kufanya kazi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Niliomba utepe wa kupimia. Nikapima mbao fupi: zimezidi kidogo mno. Mbao ndefu: zimezidi zaidi. Ndefu kabisa: zaidi tena. Kosa lilikuwa linakua na urefu wa mbao, kwa uwiano ule ule. Kumbe halikuwa ndani yangu. Lilikuwa ndani ya namba moja, ile niliyoiongeza bila kujua kuna ulegevu, na kosa linalokwenda kwa uwiano linaweza kurekebishwa.

Nikaona pia neema nyingine. Kazi yangu ilikuwa imezidi, haikupungua, na fremu ikizidi unaipunguza. Nilianza kumwahidi kwamba nitatengeneza mizinga yote upya. Akanikatiza.

"Na hawa nyuki nitawaambia wakae wapi, kwako Majimbo?"

Kwa hivyo tulifanya iliyowezekana. Nilipunguza ncha za fremu zote zilizokuwa hazijatumika, kwa msumeno wa mkono, hapo hapo uani kwake. Yale masanduku tuliyafungua polepole. Yeye alikata masega ya pembeni kwa kisu, mimi nikaingiza ubao mwembamba kwenye kila ukuta kupunguza pengo. Akina mama wengine wawili walikuja kushika moshi na kunitania kuhusu nguo yangu. Msimu ulipofika, walivuna. Fremu zilitoka nzima.

Niliporudi Majimbo sikuigusa namba kwanza. Nilikaza nati za skrubu mpaka ulegevu ukapungua. Kisha nikaipeleka mashine mwendo wa meza nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mwelekeo mmoja bila kugeuza, nikapima kwa utepe wa chuma nilioazimwa na mmoja wenu. Nikarudia mara kadhaa bila kubadilisha chochote. Hilo la kutobadilisha, ndugu zangu, ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Mkono uliwasha. Halafu nikapiga hesabu, nikaandika namba mpya mara moja, nikakata fremu, na fremu hiyo nikaitia kwenye sanduku ambalo sikulitengeneza mimi, sanduku la zamani la yule mama, alilonipa niende nalo. Ikaingia.

Namshukuru mama yangu aliyekataa nijifiche kwenye chai yake. Namshukuru yule mama wa Kiirua, aliyeendelea kupiga simu kwa mtu asiyeshika. Nawashukuru nyinyi, hasa wale wawili mliokuja kugonga mlango wa karakana na nikanyamaza ndani kama sipo. Nilisikia kila kitu mlichosema, hata lile la kwamba labda nimeoa kisiri.

Kama kuna kijana hapa anayejifundisha kazi peke yake kama mimi, ninalo la kumwambia. Ukitaka kujua kama uko sawa, tafuta kitu ambacho hukukitengeneza wewe, ukiweke kando ya kazi yako. Na tafuta mtu ambaye si wewe, mfungulie mlango aone. Ukijipima kwa wewe mwenyewe utapata sawasawa kila siku, na bado utakuwa umepotea.

Mashine yangu bado inakosea, kwa unene wa unywele kwenye meza nzima. Najua inakosea wapi na kwa kiasi gani, nawaambia wateja kabla sijakata, na asubuhi nikiiwasha naanza kazi bila kuigusa namba.