Mpaka Unaopanda Mlima

Waliopo Werugha, penye simu ya posta, Jumamosi asubuhi, Agosti 1998: Gertrude, mwalimu; Donald, mdogo wake, mkulima; Fanuel, mjomba wao; na Thadeus, jirani.
Aliyepo Voi, dukani kwa Abdulghani, Kaloleni: Sylus, kaka yao mkubwa, karani wa stesheni, aliyebakiza miezi minne kustaafu.

SYLUS: Haloo? Nani anapiga?

GERTRUDE: Ni Gertrude, kaka. Hujambo?

SYLUS: Sijambo. Nimekalia gunia la mchele la Abdulghani tangu saa tatu nikikungoja. Jasho linani—

GERTRUDE: Habari za hapo nyumbani?

SYLUS: Nzuri, ila joto. Gertrude, mawe ya nyumba yako tayari kiwanjani, na mafundi wanataka kuchimba msingi mwezi ujao. Donald ameng'oa mbaazi zake kwenye kiwanja changu?

GERTRUDE: Kwanza nikueleze kikao kilivyokwenda. Tulifungua kwa sala, kisha—

SYLUS: Sarafu zinaliwa, mwalimu. Ameng'oa?

GERTRUDE: Hajang'oa. Mjomba Fanuel aliagiza karatasi ya mwaka sabini na moja isomwe, nami nikaisoma. "Mpaka kati ya Donald na Sylus ni pale kangaga, yale majani ya ukunguni, zinapoanzia kuota. Chini yake ni kwa Donald, juu yake ni kwa Sylus. Zikisogea, mpaka nao utasogea."

SYLUS: [gunia linakwaruza sakafu]

GERTRUDE: Haloo? Bado uko?

SYLUS: Niko. Hiyo karatasi ni ya zamani.

GERTRUDE: Mwandiko ni wako.

SYLUS: Nilikuwa kijana.

GERTRUDE: Ulikuwa na miaka ishirini na minane, na kangaga zilikuwa zikiteremka. Ukungu ulishuka, nazo zikashuka, nawe ukachukua matuta manne ya Donald kwa sentensi ile ya mwisho. Alipolalamika ulimwambia—

SYLUS: Najua nilichomwambia.

GERTRUDE: "Katete na Mungu, mimi sikuzipanda." Leo ameomba nikurudishie maneno hayo hayo.

SYLUS: Anacheka? Namsikia akicheka.

GERTRUDE: Huyo ni mjomba.

SYLUS: [anaguna] Haya, sasa zinaanzia wapi?

GERTRUDE: Tulipanda wote kuziangalia. Zimeacha mfereji wa zamani ulio chini ya kiwanja chako, zimekipita kiwanja chenyewe, na sasa zinaanzia nyuma ya lile jiwe kubwa. Kutoka hapo hadi kileleni ni hatua zangu arobaini.

SYLUS: Gertrude, pale ni mwamba mtupu.

GERTRUDE: Upande wa mashariki kuna udongo kidogo. Unatosha kuanikia nguo.

SYLUS: Na mvua yote ile ya mwaka jana? Hapa Voi tulivuka barabara viatu mkononi. Mbona hazikurudi chini?

GERTRUDE: Kangaga haziridhishwi na mvua ya kishindo, kaka. Zinataka ukungu wa kila asubuhi na baridi isiyokatika. Siku hizi ukungu unakomea juu, na joto linaufuata nyuma, mwaka hadi mwaka. Pale ulipokuwa ukivuna kabichi, Donald anavuna mbaazi.

SYLUS: Mbaazi, Werugha.

GERTRUDE: Tena zinazaa vizuri kuliko kabichi zako.

[Laini inakwaruza.]

SYLUS: —loo? Sikiza, mbona mimi nimeambiwa kuna kangaga chini ya kiwanja changu? Mwezi wa sita zilikuwa—

GERTRUDE: Zilikuwapo. Mashina kumi na mawili, kwa mstari ulionyooka kama gwaride. Kangaga ya porini haijipangi hivyo.

SYLUS: [anakohoa]

GERTRUDE: Thadeus yuko hapa. Amekiri kwamba ulimtuma azing'oe juu azipande chini. Alizimwagilia wiki tatu, mchana na jioni. Zimekauka zote.

SYLUS: Thadeus hana siri.

GERTRUDE: Wala hana ndoo sasa. Zote mbili zimetoboka kwa ajili yako.

SYLUS: Basi, nimekosa. Lakini dada, miaka thelathini naokwa hapa kama mkate, nikijiambia nitazeekea nyumbani, nijifunike blanketi mbili. Mpe Donald simu.

GERTRUDE: Hataki kuishika. Anasema ukianza kuzungumza huwa anaishia kutia sahihi.

SYLUS: Mwambie ameshinda, anataka nini tena?

GERTRUDE: Hajashinda. Chemchemi inayonywesha ng'ombe wake inatoka chini ya zile kangaga na miti iliyo nazo. Imebaki nyembamba kama uzi. Zikimalizika kileleni, atakuwa na matuta mengi na debe tupu.

SYLUS: Kumbe.

GERTRUDE: Ndiyo. Karatasi yako imewatendea haki nyote wawili.

SYLUS: Usinifundishe, Gertrude. Anasemaje?

GERTRUDE: Anasema hivi. Kuanzia mfereji wa zamani hadi kileleni, yeye asilime, nawe usijenge. Paachiwe msitu. Atakukatia kiwanja kwake, kule chini, kando ya zizi.

SYLUS: Kule chini kuna mbu.

GERTRUDE: Siku hizi wapo.

SYLUS: Na joto.

GERTRUDE: Halijafikia la Voi.

SYLUS: Nikikataa?

GERTRUDE: Karatasi inabaki ilivyo. Unao mwamba, na kangaga bado zinapanda. Imebaki sarafu moja, kaka.

SYLUS: Zizi liko upande upepo unakotoka?

GERTRUDE: Ndiyo.

SYLUS: Nilijua. Mwambie dirisha langu litaelekea mlimani, na asiweke mti wala ng'ombe mbele yake. Nimekubali. Waambie upesi, kabla sija—

GERTRUDE: Asante, kaka. Usikate. Jamaa, naomba kimya. Thadeus, simama vizuri. Sylus amekubali. Kuanzia leo mpaka hausogei tena. Kutoka mfereji wa zamani hadi kileleni hapatalimwa wala kujengwa na yeyote. Ni pa kangaga, maadamu zipo. Mawe ya nyumba ya kaka yatateremshwa Jumatatu, saa mbili kamili, hadi kando ya zizi. Donald, wewe utabeba la kwanza.