Majina Saba ya Mwaringa wa Dena

Kijiwe chetu cha Gede ni ubao mmoja uliokuwa ubavu wa kitanda, umewekwa juu ya matofali mbele ya kinu cha unga kilichofungwa. Hamad wa Mambrui huleta dele lake la kahawa saa mbili asubuhi na kuondoka likiisha. Mwenzetu tunayemwita Redio hukaa karibu na makaa, kwa kuwa hawezi kukaa mbali na jambo lolote. Wakili alikuwa tarishi wa mahakama Malindi kwa miaka ishirini na sita na hajawahi kumtetea mtu. Mimi huitwa Katibu, maana ukoo umenipa kazi ya kuweka majina: nani alizaliwa lini, nani alizikwa wapi. Alhamisi ile alikuja baba mkubwa, mzee Dena, mwenye umri wa miaka themanini na mitano na moyo ambao daktari ameshautilia shaka. Baba yake, Mwaringa, alizikwa kikanisa mwaka 1971, kwa hiyo hakusimikiwa koma, kile kigingi cha mbao tunachowawekea wazee wetu waliokufa, ambao nao wenyewe tunawaita koma. Tangu Januari anamjia mwanawe ndotoni akilalamika kwamba anaona baridi. Mti ulikuwa umeshachongwa na kazi ilikuwa Jumamosi. Lakini nyumba saba za ukoo zilileta neno kwamba haziji, na koma haisimikwi na nyumba moja.

Sababu ilikuwa karatasi. Emily, mjukuu wa mzee anayesoma ng'ambo, aliikuta katika nyaraka zilizofunguliwa huko, akaifasiri kwa Kiswahili na kuituma kwenye kundi la simu la ukoo. Aliandika juu yake: “Babu yetu yumo katika historia!” Kufikia magharibi kila nyumba ilikuwa imeisoma.

Wakili alivaa miwani, akaifungua nakala niliyomchapishia mzee, akasoma kwa sauti ya korti.

WAKILI: “Ubalozi mdogo, Mombasa, Juni 1943. Siri. Watu wa bara ya Malindi wananung'unika. Vijana wanakimbilia msituni wasichukuliwe kwenye kazi za vita. Mahindi yao yamechukuliwa kulisha askari. Mwaringa wa Dena, karani wa ghala, Mkristo, ametutajia watu saba ambao neno lao halipingwi na kabila hili. Nakala kwa serikali ya koloni.” Kisha yanafuata majina.

REDIO: Na Agosti wakachukuliwa.

MIMI: Tarehe kumi na moja Agosti. Saba. Wanne walirudi, watatu hawakurudi.

REDIO: Sasa hapo kuna nini cha kujadili? Alikuwa jasusi. Samahani, mzee wangu, lakini baiskeli ile aliipata wapi?

DENA: Aliinunua kwa korosho.

REDIO: Korosho gani za kununua baiskeli wakati wa vita?

DENA: Korosho, Redio. Zile zinazoliwa. Ulikuwepo?

HAMAD: Mwache mzee anywe kahawa, ndugu yangu.

WAKILI: Mimi naona jambo la shamba. Saba wale walikuwa na haki katika shamba la Dabaso. Wakiondoka, nani anabaki? Mwaringa.

DENA: Nimebaki na ekari mbili, moja ni mawe. Kama baba aliuza watu apate mawe, basi alipunjwa.

REDIO: Hamjauliza ubalozi wa nchi gani.

WAKILI: Haikuandikwa hapa. Emily hakuutuma ukurasa wa kwanza.

REDIO: Ni Waitaliano. Walikuwa wanatafuta njia ya kuja Malindi tangu zamani. Nenda leo ukaone, wamejaa mpaka mboga wanauziana wenyewe kwa wenyewe. Unafikiri walijuaje kuna bahari hapa?

HAMAD: Mwaka huo Waitaliano walikuwa mateka, bwana.

REDIO: Mateka ndiye mpelelezi mzuri. Ana nafasi ya kutosha.

Hata mzee Dena alitabasamu kidogo, halafu uso ukarudi ulivyokuwa.

HAMAD: Mniwie radhi, mimi si wa ukoo. Lakini babu yangu naye kaandikwa katika makaratasi kama hayo. “Mwarabu wa Mambrui, asiyeaminika.” Unajua alifanya nini? Alisinzia barazani mkuu wa wilaya akihutubia. Mzungu hutakiwa kupeleka majina kila wiki kwa mkubwa wake. Ijumaa ikifika na hana, anayatafuta popote.

WAKILI: Yaani aliyatunga?

HAMAD: Sikusema aliyatunga. Nasema alikuwa na haja nayo.

Mzee Dena alikigeuza kikombe kitupu juu ya goti.

DENA: Katibu. Wewe unaweka miaka. Waliochukuliwa walikuwa na umri gani?

MIMI: Baya ndiye mkubwa, ishirini na sita. Mangi alikuwa na kumi na minane, hajaoa.

DENA: Mangi wa miaka kumi na minane! Neno lake lisipingwe na kabila? Mama yake mwenyewe alikuwa akimpinga. Wakili, nisomee majina tu, usinisomee hizo porojo.

WAKILI: Tsuma. Chengo. Yeri...

DENA: Basi. Ishia hapo.

Alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama upesi hivyo tangu azikwe mkewe.

DENA: Hao ni koma! Hivyo ndivyo tunavyowaita tukimimina tembo, kuanzia Tsuma. Kizazi chote kile kilikuwa kimekufa kabla baba hajaanza shule. Mzungu alimuuliza, “Nani ana nguvu juu ya watu wenu?” Akamtajia maiti! Ni nani anayeweza kumfunga maiti?

WAKILI: Lakini walikuja wakafunga watu hai.

DENA: Kwa sababu sisi mjukuu humpa jina la babu. Askari alifika na karatasi, akauliza, “Tsuma yuko wapi?” Akatoka kijana anaitwa Tsuma. “Chengo?” Akatoka Chengo. Mzungu hakujua kwamba nyumbani kwetu jina moja hubebwa na wawili, mmoja chini ya ardhi na mmoja juu.

REDIO: Ala! Mzee aliwachezea wazungu!

HAMAD: Alhamdulillahi. Basi hakuwa msaliti.

REDIO: Msaliti wapi? Shujaa huyo! Hamad, mimina. Hii tuitume kwenye kundi sasa hivi, Jumamosi waje wote.

Mzee Dena alikaa, akajifuta macho kwa ncha ya kikoi. Alisema maneno mawili tu, “Baba, pole.” Mimi niliitazama karatasi tu. Kila mtu alidhani nimefurahi kwa namna yangu.

Wakati huo alifika Mbeyu, mjukuu wa Thoya, mmoja wa wale watatu ambao hawakurudi. Ni mwalimu wa watoto wadogo, anafundisha upande wa Mida. Aliwaamkia wazee, “Shikamooni,” hakukaa.

MBEYU: Nimetumwa na nyumbani. Wameniambia niione hiyo karatasi yenyewe kwa macho yangu, si kwenye simu.

REDIO: Keti, mama, umekuja wakati wa heri. Babu yenu Mwaringa hakumtaja babu yako. Alimtaja Thoya mkubwa, aliyekufa zamani. Majina ya koma, yote!

Alieleza kila kitu, na safari hii alieleza sawasawa. Mbeyu alisikiliza huku akisoma karatasi, kidole kikishuka jina baada ya jina.

MBEYU: Mkiwaita koma, mnawaita wangapi?

DENA: Wanane.

MBEYU: Hapa wapo saba.

WAKILI: Huenda mzungu aliruka mmoja. Makarani hukosea.

MBEYU: Nani hayupo?

Mzee Dena alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikienda bila sauti. Tsuma, Chengo, Yeri. Kwenye kidole cha nne alisimama.

Mimi nilikuwa nimehesabu tangu siku karatasi ilipofika. Nilihesabu mara tatu, nikaikunja, sikumwambia mtu.

MIMI: Nyale.

MBEYU: Na mwaka huo, kijana aliyekuwa na jina la Nyale alikuwa nani?

MIMI: Mdogo wake Mwaringa, baba mmoja, mama mmoja. Alikuwa na miaka ishirini. Hakuchukuliwa. Alioa mwaka uliofuata, akazaa watoto tisa. Wa tatu ni baba yangu. Mimi nimepewa jina lake.

Wakili alivua miwani. Redio aliangalia makaa.

REDIO: Labda alisahau tu. Mtu akiulizwa ghafla...

DENA: Baba hakusahau. Alinifundisha kuyataja nikiwa na miaka sita. Nikiruka moja alinirudisha mwanzo.

HAMAD: Mzee wangu, pengine alimwogopea ndugu yake. Moyo tu. Nani asingefanya hivyo?

DENA: Kama alimwogopea huyu, basi alijua kwamba wale saba walio hai watafikiwa.

Mbeyu aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akamrudishia mzee kwa mikono miwili.

MBEYU: Babu, mimi sikuja kuhukumu. Bibi yangu alimngoja Thoya mpaka alipokufa mwaka 1988. Hakukubali kuolewa tena. Nyumbani wananiuliza jambo moja tu: Jumamosi tuje, tusije?

Mzee aliitia karatasi kwenye pindo la kikoi, akalikaza.

DENA: Msije. Tutakuja sisi. Waambie mbuzi wa koma tutawaleta kwenu, nyumba kwa nyumba, zote saba. Koma ya baba itangoja.

WAKILI: Mzee, na ndoto je? Na moyo wako?

DENA: Ataendelea kuona baridi.

MBEYU: Nitawaambia. Lakini kwetu mtu anayekuja na mbuzi husema kwanza neno lililomleta, kabla mbuzi hajapokelewa. Wazee wataniuliza. Mnakuja kusema nini?

Mzee Dena alinigeukia. Ilikuwa haki yake. Maneno ya ukoo huanza nami, na nisingekuwapo kama majina yangekuwa manane. Nilitafuta sentensi ya kwanza. Niliona kwamba kuomba radhi ni kuomba radhi kwa kuwa nimezaliwa, na kushukuru ni kuwashukuru watu ambao hawakuulizwa.

Mbeyu alingoja kwa adabu. Hamad alilitikisa dele, akasikiliza, akaanza kukusanya vikombe.