Meza Safi za Mzee Thuo

Mheshimiwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, uliyekatiza mkutano mwingine ili uwe nasi. Mkutubi Mkuu, Dkt. Wachira, Profesa Mwangangi, mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu wa kampasi kuu na matawi, familia ya Mzee Thuo, mliofika mapema kuliko sisi wenyeji, na ninyi wasomaji, mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vyenu leo vimekaliwa na wageni: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi na tano na kazi mbili. Ya kwanza ni kusoma habari za idara, kama tufanyavyo kila mwisho wa muhula. Ya pili ni kumuaga mtu mmoja. Nitaanza na habari, kwa kuwa ni fupi, na kwa kuwa huyo tunayemuaga hawezi kustahimili jambo linalofanywa bila mpangilio.

Lifti ya kubebea vitabu katika kampasi kuu, iliyokwama kwa muda mrefu, inafanya kazi tena. Waliokuwa wakipanda ngazi na maboksi wameniomba niseme hili kwa sauti, nami nimelisema. Bwana Kiarie na wenzake wa chumba cha kujalidi wamekarabati vitabu mia sita na arobaini muhula huu, vingi vikiwa vya uuguzi, ambavyo inaonekana wanafunzi huvisoma huku wakila chapati. Bi. Jacky wa kitengo cha majarida amehitimu stashahada yake ya ukutubi baada ya miaka mitatu ya kufanya kazi na kusoma kwa pamoja. Simama, Jacky, watu wakuone. Na kuanzia muhula ujao, tawi hili la mtaa wa Fedha, ambamo tumekusanyika, litafunguliwa siku sita kwa wiki badala ya tano, likiwa na wafanyakazi wawili zaidi.

Makofi hayo yanastahili. Lakini mwezi wa Februari habari niliyotarajiwa kuisoma leo ilikuwa nyingine: kwamba tawi hili limefungwa, na ukumbi huu umegeuzwa kuwa ghala la karatasi za mitihani. Ilikuwaje habari ikabadilika? Hapo ndipo kazi yangu ya kwanza inapokutana na ya pili.

Bwana Thuo alijiunga na maktaba yetu miaka ishirini na tisa iliyopita, akiwa mpanga vitabu. Miaka kumi na saba iliyopita alitumwa hapa Fedha kufungua tawi. Alikabidhiwa ufunguo, rafu sita, na redio mbovu ambayo hadi leo hakuna ajuaye ilitoka wapi.

Katika maktaba nyingi, ndugu zangu, utakuta tangazo ukutani: msomaji asirudishe kitabu rafuni, akiache mezani. Sababu ni mbili. Kwanza, msomaji anaweza kukiweka mahali pasipo pake, na kitabu kilichowekwa pasipo pake ni kitabu kilichopotea. Pili, vitabu vilivyoachwa mezani huhesabiwa kabla ya kufunga. Hivyo ndivyo tunavyojua ni vingapi vimesomwa humu ndani bila kuazimwa.

Mzee Thuo alilibandua tangazo hilo wiki ya kwanza. Majuzi nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa swali. "Mtu mzima anakula, anaacha sahani hapo, anaenda zake. Hiyo ni nyumba ya nani?"

Badala ya tangazo, akawafundisha watu. Kila msomaji mpya alitembezwa kwenye rafu kwa robo saa na kuonyeshwa jinsi ya kusoma nambari iliyo mgongoni mwa kitabu. Kisha anapewa vitabu vitano avirudishe mwenyewe, Mzee akiwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Ukikosea, harudii maelezo. Anakohoa. Nimeambiwa wapo mainjinia humu nchini ambao hadi leo, wakisikia mtu akikohoa, hutazama walichoshika mkononi.

Basi miaka miwili iliyopita kampasi kuu iliamua kwamba hesabu ile ya mezani ndiyo itakayokuwa kipimo cha matawi. Kampasi kuu yenyewe ikaandikisha mia nne kwa siku. Tawi la Fedha, lenye viti mia moja na arobaini, likaandikisha kumi na moja. Kesho yake tisa. Siku moja, vitatu. Kifaa cha mlangoni kilionyesha kwamba watu mia tatu huingia hapa kila siku. Kamati ikauliza, na lilikuwa swali la haki: watu mia tatu wanaingia, vitabu tisa vinasomwa, hao wengine wanafanya nini? Jibu lililoingia kwenye kumbukumbu za kikao ni kwamba wanachaji simu na kujikinga mvua.

Mwezi wa Januari Mzee Thuo akachukua likizo ya wiki mbili, akaenda kumwoza binti yake. Hesabu ya Fedha ikapanda hadi sitini. Akarudi. Ikashuka hadi kumi.

Mimi ndiye mkuu wa kitengo cha ripoti. Nilizitazama nambari hizo, nikaandika hivi: "Matumizi ya vitabu katika tawi la Fedha huongezeka wakati mhudumu wa dawati hayupo." Kila nambari iliyotegemeza sentensi hiyo ilikuwa sahihi. Sentensi hiyo ilizaa barua mbili. Moja ilitangaza kufungwa kwa tawi hili. Nyingine ilimtaka Mzee Thuo, akiwa amebakiza miezi minane kustaafu, aeleze kwa maandishi ni kwa nini wasomaji wanaogopa kugusa vitabu yeye akiwepo.

Ripoti ile ilisomwa na watu wengi, kwa hiyo masahihisho yake yanapaswa kusikiwa na watu wengi. Kutoka ofisini kwangu hadi hapa ni kilomita kumi na nne. Sikuja kuzitazama meza. Hilo ni kosa langu, Mzee Thuo, na nakuomba radhi mbele ya familia yako.

Aliyezitazama ni Bi. Lorine Nalianya, aliyekuwa kaimu mkuu wa tawi. Alichukua barua ile hadi dawatini. Mazungumzo yao nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana.

"Mzee, wanasema unafukuza wasomaji."

"Mimi?"

"Wanasema ukienda likizo ndipo watu wanasoma."

"Madam, nikienda likizo watu wanakuwa wachafu. Nilirudi nikapata meza zimejaa vitabu kama mitumba ya soko la Gikomba. Nimepanga siku mbili."

"Hebu ngoja. Jioni huwa unahesabu nini?"

"Vitabu viko mezani."

"Na ukiwa hapa, mezani huwa kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema Mzee Thuo kwa fahari. "Si nimewafunza?"

"Mzee, hiyo hesabu unayotuma kila siku, unadhani kampasi kuu wanapima nini?"

"Usafi, Madam. Na wao wenyewe wako vibaya sana. Mia nne! Mimi huwahurumia."

Naam, cheka, Profesa, umeruhusiwa. Kwa miaka miwili mizima mtu huyu alikuwa akituletea tisa, kumi, kumi na moja, akiamini kwamba anaongoza matawi yote. Na je, ni nani kati yetu aliyewahi kumfafanulia fomu ile? Fomu ilisema "vitabu vilivyoachwa mezani." Haikusema ni vizuri au ni vibaya kuviacha.

Bi. Lorine akaiendea Kamati, akaomba wiki sita za kuhesabu upya. Profesa Mwangangi akakubali, kwa sharti moja: wastani wa vitabu themanini kwa siku katika wiki hizo sita, la sivyo barua zote mbili zitabaki kama zilivyo. Kilichobaki kilionekana rahisi. Wasomaji waambiwe waache vitabu mezani. Mzee Thuo akakataa.

"Ni wiki sita tu, Mzee."

"Madam, miaka kumi na saba nimewafunza kunawa mikono. Leo niwaambie wale bila kunawa?"

"Tawi litafungwa."

"Nimesikia. Nipe mpaka kesho."

Kesho yake alikuja saa moja asubuhi, akang'oa skana ya kuazimishia vitabu kwenye dawati lake, akaifunga kwenye meza ndogo pale rafu zinapoanzia, mahali ambapo mnaiona hadi sasa. Utaratibu ukawa huu: umesoma, unakipitisha kitabu kwenye skana, inalia na kukihesabu, unakirudisha rafuni kwake. Hakuna kitabu kilichoachwa mezani. Siku ya kwanza skana ililia mara mia moja thelathini na moja.

Wiki ya pili habari zilikuwa zimeenea kwamba tawi liko hatarini, na wasomaji wakaanza kusaidia. Hapa sina budi kumtaja Hirad, mwanafunzi wa uhandisi, anayeishi mtaa wa Pipeline, na anayemwita Mzee Guka, yaani babu. Hirad aliwahi kunieleza kwa nini husomea hapa. "Kwetu madirisha ya maghorofa yamekaribiana hivi," alisema, "ukifungua kitabu, jirani wa ploti ya pili ndiye anakufungulia ukurasa." Mtu wa namna hiyo hawezi kukubali ukumbi huu ufungwe. Basi siku moja Mzee Thuo alikagua orodha ya skana, akakuta kitabu kimoja cha udongo na misingi ya majengo kimepitishwa mara kumi na nne.

"Hirad, hiki kitabu umekisoma mara kumi na nne?"

"Guka, nilikuwa nasukuma gari kidogo."

"Gari husukumwa mbele. Wewe umelitikisa papo hapo."

"Lakini Guka, si ni kwa ajili yako?"

"Kwa ajili yangu, soma kingine."

Mzee akaketi na orodha nzima ya wiki ile, akafuta kila kilichojirudia. Alifuta mia mbili na kumi na nne. Wastani wa wiki ukashuka hadi sabini na sita, chini ya sharti. Bi. Lorine alikuwa amesimama karibu naye.

"Mzee, unatufunga kwa mkono wako mwenyewe."

"Madam, hiyo barua nitaijibu kwa hesabu ya kweli. Ama sitaijibu."

Wiki ya tatu Hirad aliomba msamaha kwa njia yake. Alikuja na watu. Alipita milango ya ploti yao, orofa hadi orofa, akileta kila aliyekuwa na kitambulisho cha chuo chetu na hakuwahi kufika hapa. Walikuwa ishirini na tatu. Mzee Thuo akawatembeza wote kwenye rafu, robo saa kila mmoja. Alikohoa sana wiki hiyo.

Wiki ya tano Profesa Mwangangi alikuja bila taarifa. Hakuwa na shaka na skana. Alikuwa na shaka na rafu. Alitaka kujua kama vitabu vinavyorudishwa na wanafunzi vinarudi mahali pake, maana kwingine kote ulimwenguni havirudi. Alichukua vitabu mia tatu vilivyopitishwa wiki ile, akavitafuta kimoja kimoja, koti akiwa amelitundika kwenye kiti. Alivikuta mia mbili na tisini na moja mahali pake kabisa. Profesa alikiri kwamba hata wapanga vitabu wetu walioajiriwa hawajawahi kufikia kiwango hicho. Alimgeukia Mzee Thuo kumpongeza. Mzee akauliza, "Hivyo tisa ni vipi?"

Mwisho wa wiki ya sita wastani ulikuwa mia moja na kumi na nane.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa haya ni maamuzi rasmi. Tawi la Fedha halitafungwa. Bi. Lorine Nalianya si kaimu tena. Ni mkuu wa tawi tangu tarehe moja mwezi huu. Matawi yote manne yataweka skana kwenye rafu, na kila msomaji mpya atapewa ile robo saa. Barua aliyoandikiwa Bwana Thuo imeondolewa katika faili lake, na Mkutubi Mkuu ametia sahihi kuondolewa kwake. Ripoti ya mwaka imechapishwa upya. Ukurasa wa kumi na saba sasa unasema: "Wasomaji wa Fedha hutumia vitabu vingi kuliko tulivyojua, nao huvirudisha wenyewe mahali pake, kwa kuwa walifundishwa na Bw. Thuo."

Mama Wangeci, mkewe Mzee, nakushukuru. Najua kwamba katika wiki zile saba za kwanza baada ya barua, mumeo hakula vizuri, nawe ulikuwa ukiwaambia mabinti zenu kwamba ni meno. Leo unaweza kuwaambia ukweli.

Tulimuuliza Mzee Thuo angependa kupewa nini. Tulitarajia kiti cha kupumzikia. Wengi huomba hicho, na wenzetu wa ununuzi walikuwa tayari wamepeleleza bei. Akasema anataka kadi ya msomaji. Sheria zetu hazikuwa na kadi ya mstaafu. Sasa zinayo, na hii hapa, ni ya kwanza. Katika miaka ishirini na tisa, kanuni za kazi hazikumruhusu kuketi kwenye kiti cha msomaji hata kimoja. Nimemuuliza atasoma nini. Ameniambia ataanzia rafu ya kwanza upande wa kushoto, kitabu cha kwanza, na kwamba hana haraka.

Mkutubi Mkuu, Kamati, wasomaji wa Pipeline na Fedha na mitaa yote inayotuzunguka: mmefanya mtu huyu apate mahali pa kuketi Jumatatu. Bi. Lorine atafungua mlango saa mbili. Mzee, viti ni mia moja na arobaini. Chagua.

Mmenivumilia na chai inapoa; kwa usikivu wenu, ahsanteni sana.