Upande wa Bonde

Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimekaa pembeni mwa benchi, sindano ya viatu mkononi, na mwenye kubisha aje anibishie mimi, maana hapa kijiweni naitwa Shahidi na jina hilo sikujipa. Benchi lenyewe ni mbao mbili juu ya matofali, ubavuni mwa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi. Asubuhi ile ya mwezi wa nane tulikuwa wanne: mimi fundi viatu, Kadiria, fundi cherehani ambaye hukupima kwa jicho, suruali ikikubana anakwambia umenenepa njiani, Mama Birika, mwenye kahawa, na Breki, dereva wa lori mstaafu, ambaye macho yake yalikuwa yanakufa polepole. Breki ameendesha miaka ishirini na sita kati ya mji huu na mji wa pili, kwa barabara ya milimani, na milima yenyewe hajawahi kuiona. Angeitazama saa ngapi, na kona zile? Sasa alitaka kitu kimoja tu duniani: aipite njia ile mara moja kama abiria, mikono mapajani, macho dirishani. Safari hiyo tulikuwa tunampangia tangu mwezi wa tatu.

— Abiria akae kushoto, alisema Kadiria, akichora barabara juu ya benchi kwa chaki yake ya kukatia nguo. Wakati wa kwenda, bonde liko kushoto.

— Na wakati wa kurudi? nikamuuliza.

— Wakati wa kurudi bonde linahamia kulia.

— Bonde halihami, we mpima suruali. Linalogeuka ni gari.

— Basi gari lisigeuke! Lirudi kwa rivasi njia nzima, bonde libaki upande wake. Mwenda kinyume hajikwai.

— Ni mwenda pole.

— Umeshaona mtu akaenda rivasi mbio?

Breki akacheka. Alikuwa amekaa katikati yetu, kitambaa cheusi kimefungwa machoni. Kitambaa hicho kina habari yake, nakuja.

— Rivasi, kona mia na nne? alisema. Jamani, hapo hata enzi za macho yangu ningeshuka nitembee.

— Hebu tuambie wewe, baba, alisema Mama Birika akimwekea kikombe kiganjani. Kuna nini hasa huko juu?

— Sijui, mama. Abiria ndiye anayejua. Nikimpa mtu lifti, kutwa ananiambia ona pale, ona kule, mawingu yako chini yetu! Mimi namjibu nyamaza, kuna lori linashuka. Miaka yote hiyo nimeona lami.

Mimi kimya sikipendi, kinanikumbusha shule.

— Usihuzunike, nikasema. Wewe endelea na kitambaa. Jicho ni kama simu: ukiliwasha kutwa, chaji inakwisha. Weka akiba. Siku ya safari tunafungua, utaona mpaka mbuzi wa mlima wa pili anavyocheua. Akiba haiozi.

Maneno haya niliyasema kwanza mwezi wa nne, na sikutegemea kama mtu atayafanyia kazi. Lakini Breki ni mtu wa kutii alama za barabarani. Kesho yake akaja na kitambaa, ameshikwa mkono na mkewe, na tangu hapo hajaja bila hicho kitambaa. Kijiwe kizima kilinisifu. Kadiria akaongeza yake, kwamba Breki akae nyuma akiwa amegeukia tulikotoka, kwa sababu mlima ukiufuata unakukimbia, ukiupa mgongo unakufuata wewe. Hilo nalo tulilipitisha.

— Ila mimi nauliza, alisema Mama Birika. Kwa nini hamwendi?

— Mwezi wa nne kulikuwa na ukungu, alisema Kadiria.

— Na wa tano?

— Tulikuwa hatujakubaliana kuhusu kushoto na kulia. Halafu ikaja hoja ya matairi. Mama, kawia ufike.

— Mmekawia. Hamjafika.

— Si haba. Nusu ya methali tumeshaitimiza.

— Wakati upo tele, nikasema, na kifua nikakitoa. Karatasi ya daktari wa macho niliisoma mimi mwenyewe hapahapa, mbele yenu. Miezi sita! Anza mwezi wa tatu, hesabu sita, unaangukia wa tisa. Tuna mwezi mzima wa kupanga vizuri.

— Karatasi iko wapi?

Breki aliitoa mfukoni mwa shati, imekunjwa ndani ya nailoni kama leseni. Mama Birika akafuta mikono kwenye gauni, akaifungua, akapitisha kidole. Akarudi mwanzo wa mstari, akapitisha tena.

— Shahidi, hapa ulisoma nini?

— Miezi sita.

— Pameandikwa, "macho yatamsaidia hadi mwezi wa sita."

— Si ndiyo hayohayo?

Kadiria akaanza kuhesabu vidole, akafika cha sita, akabaki amekishika.

— Mwezi wa sita, alisema Mama Birika, ulipita hapa hapa. Mlikuwa kwenye matairi.

Mimi ni mtu mwenye jibu hata la swali lisiloulizwa. Nikalitafuta. Nikapata hili:

— Hata madaktari nao hukadiria.

— Jina langu liache, alisema Kadiria, tena kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

Mama Birika akachutama mbele ya Breki.

— Baba. Wewe ulikuwa unajua?

Breki alishika kikombe kwa mikono miwili, kama usukani.

— Kulikuwa na siku, nyumbani, nikakifungua kitambaa ili nile. Nikamwambia mke wangu, mbona umeme umekatika? Akaniambia ni mchana.

— Siku gani hiyo?

— Mwezi wa saba ulikuwa bado mchanga.

— Na kila siku unakuja hapa unakaa umefunga! Ungetwambia!

— Ningewaambia, mngeacha kubishana. Mkianza kushoto, kulia, ukungu, matairi, mimi nilikuwa nimeshapanda. Kona ya kwanza hadi ya mwisho. Nyumbani hakuna anayenipitisha huko.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu niote meno haukutoka hata uongo.

Ndipo honi ikalia. Gari likasimama mbele ya benchi, jipya, vioo vipana kama vya duka. Akashuka mwanamume mwenye kipara na tabasamu. Alikuwa mpwa wa Kadiria, anayeishi huo mji wa pili. Kadiria alimwandikia mwezi wa nne kumwomba gari, kisha sote tukasahau kwamba aliombwa.

— Shikamooni wazee! Nisameheni, kazi zilinibana. Ila safari ndiyo leo. Nimeipita ile njia alfajiri, haina hata wingu moja, milima imejianika yote. Mjomba aliniambia kuna dereva wa zamani anataka kuitazama. Ni huyu?

— Ndiye, alisema Kadiria.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mambo si mmeshapanga? Penye wazee hapaharibiki neno. Haya mzee, gari ndilo hilo, mbele yako. Unalionaje?

Kadiria alifuta chaki benchini kwa kiganja, barabara yote, kona kwa kona. Mama Birika aliinua birika na kumimina, na halikuwa na kitu. Mimi nilitazama kiatu mkononi mwangu, na siwezi kukwambia kilikuwa cha nani.

Breki akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akageuzia uso kule sauti ilikotoka, akasema: "Zuri sana, mwanangu. Rangi yake imetulia."

Yote niliyokueleza yametokea mbele ya macho yangu. Isipokuwa hilo jibu, hilo nimelitunga mimi. Breki hakusema neno. Na yule bwana, akidhani mzee hasikii vizuri, akasogea karibu na sikio lake akauliza tena, kwa sauti kubwa.