Mradi Mama Asibaki Peke Yake

Muuguzi aliyekaa mbele yangu kwenye treni alikuwa ametoka zamu, sare imekunjamana, riwaya iko wazi mapajani. Mama wa makamo aliyekaa ubavuni mwake, fundi cherehani, nilivyokisia kwa futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akamuuliza kitabu kinahusu nini.

"Mwanamke anayemwacha mama yake mgonjwa, anakwenda kusoma."

"Hana haya?"

"Ana kaka watatu, mama. Wazima wa afya."

"Kaka hawajui kumwogesha mzazi."

"Na yeye alizaliwa anajua?"

Fundi akaguna. Mimi, ambaye dada yangu ndiye anayemwogesha mama yetu, nikaona heri nitazame dirishani.

"Mwishowe anarudi?" fundi akauliza.

"Sijafika huko. Nikisoma ukurasa mmoja usingizi unanibeba, na nyumbani kuna mama wa kugeuzwa kitandani." Akakifunga kitabu. "Nami nimepata nafasi ya kusomea ukunga. Jibu linatakiwa kesho. Kaka zangu wamesema niamue mwenyewe, mradi mama asibaki peke yake."

Fundi akaushika upindo wa sare ya muuguzi, kama anayekagua mshono. "Mimi nilibaki," akasema. "Miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi mama alikuwa akinibariki."

"Ukaridhika?"

"Si nimekwambia alinibariki?"

Treni ikasimama. Muuguzi akanyanyuka, akasema hapo ndipo anaposhuka. Fundi akavuta magoti kumpisha, lakini mkono wake ulikuwa bado umeshika upindo wa ile sare.